Somo: Kukunja bomba la chuma kwa ajili ya rolibaa ya pikapu

Pikapu nyingi zinazobeba mahindi kutoka Kibaigwa na zabibu kutoka Hombolo na Mpunguzi zimefungwa nyuma ya kichwa rolibaa (upinde wa bomba la chuma) zilizotengenezwa na mafundi wa hapa Dodoma, na nyingi kati ya hizo zina kasoro inayoonekana hata kwa mtu aliyesimama mbali, yaani kona zimebonyea. Bomba lililobonyea kwenye kona limepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake mahali hasa linapohitaji nguvu, na rangi nzuri haibadilishi jambo hilo. Somo hili linaeleza namna ya kukunja rolibaa yenye kona mbili za nyuzi 90, na hesabu zake zinafaa pia kwa ngao ya mbele, keria na vishikizo vya tela.

Niseme mapema kwamba sehemu za usukani na mikono ya sasipensheni hazimo katika somo hili. Hizo hazikunjwi kwa kubahatisha kwenye karakana ya mtaani, hata kama mteja ana haraka na ana fedha mkononi.

Kuchagua bomba

Bomba la maji na bomba la miundo hayapimwi kwa njia moja, na hapo ndipo mafundi wengi hupoteza fedha. Bomba la maji linaloitwa la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, wakati bomba la miundo lenye jina hilohilo lina milimita 38.1. Kwa sababu hiyo nenda dukani na kalipa yako, upime kipenyo cha nje na unene wa ukuta, wala usitegemee jina lililoandikwa kwenye risiti. Hapa tutatumia bomba jeusi la milimita 48.3 lenye ukuta wa milimita 3.2.

Bomba lililopakwa zinki liache dukani. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, joto ambalo kuchomelea hulipita kwa mbali, na moshi wake mweupe humletea fundi homa, kutetemeka na maumivu ya mwili saa chache baada ya kazi. Tena zinki ikibaki kwenye mshono wa kuchomelea huacha vitundu ndani yake.

Kabla ya kukata, tafuta mshono wa kiwandani. Chungulia ndani ya bomba utaona ukingo mwembamba unaokwenda urefu wote. Wekea alama ya chaki nje. Wakati wa kukunja, mshono huo ukae ubavuni, mahali ambapo chuma hakivutwi sana wala hakibanwi sana. Ukiuweka mgongoni mwa kona unaualika upasuke.

Kujua kona inafanya nini

Bomba likikunjwa, upande wa nje huvutika na upande wa ndani hujibana. Kiasi cha kuvutika hupatikana kwa kugawa nusu ya kipenyo cha bomba kwa nusu kipenyo cha kona, ukipima kona hiyo kwenye mstari wa katikati wa bomba. Kwa bomba letu na kona ya milimita 150, tunagawa 24.15 kwa 150, nayo ni takriban asilimia 16. Ukuta wa nje wa milimita 3.2 hubaki karibu 2.8. Ukiibana kona hadi milimita 100, chuma cha nje kinavutika kwa asilimia 24, na hapo bomba lisilo na kitu ndani huanza kulala kama mwanzi uliokanyagwa. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, kwa vizimba vya usalama vya magari ya mashindano zinataka nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, na ukunjaji ufanyike chuma kikiwa baridi. Rolibaa yetu si kizimba cha mashindano, lakini sioni sababu ya kuchagua kipimo kingine, kwa kuwa mara tatu ya 48.3 ni karibu 145 na kalibu (chuma chenye mfereji ambacho bomba hukunjwa kukizunguka) ya nusu kipenyo cha 150 inatosha.

Kipande cha majaribio

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kazi yote. Kata kipande cha milimita 600 kutoka kwenye bomba lilelile utakalolitumia, kikunje katikati, kisha upate kutoka kwake vipimo viwili.

Kipimo cha kwanza ni kurudi kwa chuma. Kunja hadi kipimio cha nyuzi kisome 90 mashine ikiwa bado imebana, halafu legeza. Tuseme sasa kinasoma 86: chuma hiki kinarudi nyuzi 4, basi kwenye kazi halisi utakunja hadi 94 na kupunguza au kuongeza kidogo. Bomba la shehena nyingine linaweza kurudi tofauti, kwa hiyo usikariri namba ya mwezi uliopita.

Kipimo cha pili ni nusu kipenyo halisi cha kona, ambacho mara nyingi hakilingani na kile kilichochorwa kwenye kalibu. Rekebisha kipande kiwe nyuzi 90 kamili, kilaze sakafuni ndani ya skwea kubwa mgongo wake ukigusa pande zote mbili, kisha pima kila mguu kutoka pembe ya skwea hadi ncha ya bomba. Jumlisha miguu hiyo miwili, toa kipenyo cha bomba, toa urefu wa awali wa kipande, halafu gawa kwa 0.429. Kwa mfano, miguu ikiwa 352 na 361, jumla ni 713. Toa 48 na 600 zinabaki 65. 65 kwa 0.429 ni takriban 151. Kalibu hiyo unaweza kuihesabu kuwa ya 150.

Hesabu ya urefu na alama

Mteja anataka rolibaa yenye upana wa nje wa milimita 1,400 na kimo cha 700. Hesabu zote zihamishie kwenye mstari wa katikati wa bomba: upana unakuwa 1,352 na kimo 676. Kila mguu ulionyooka ni 676 toa 150, yaani 526. Sehemu ya juu iliyonyooka ni 1,352 toa 300, yaani 1,052. Urefu wa kila kona ni 0.01745 mara 150 mara 90, nao ni karibu 236. Jumla yake ni 2,576. Ongeza milimita 50 kila mguu kwa ajili ya kusawazisha chini, ukate bomba la 2,676. Bomba la mita 6 hutoa rolibaa mbili na kipande cha majaribio juu yake.

Kutoka ncha moja, kona ya kwanza inaanza kwenye 576 na kuishia 812. Ya pili inaanza 1,864 na kuishia 2,100. Ikiwa unatumia mashine ya kuzungusha, ile inayolishika bomba na kulivuta kuzunguka kalibu, panga alama ya mwanzo wa kona na mwanzo wa kalibu. Ikiwa unatumia mashine ya jeki inayosukuma kalibu katikati ya roli mbili, unahitaji alama ya katikati ya kona, yaani 694 na 1,982. Fundi aliyezoea mashine moja akihamia nyingine bila kubadilisha alama atapata rolibaa iliyohama kwa milimita 118 na atamlaumu aliyepima.

Alama zizungushe bomba zima kwa kufunga ukanda wa karatasi iliyonyooka, maana alama ya upande mmoja hupotea machoni bomba likigeuka.

Kukunja

Weka kipande kifupi cha engo (chuma chenye umbo la L) mgongoni mwa bomba, kikae chenyewe kwa pande zake mbili, na upige nacho mstari mmoja mrefu kutoka ncha hadi ncha. Mstari huo ndio utakaokuonyesha kama kona mbili ziko kwenye uso mmoja. Kunja kona ya kwanza polepole bila kusimama katikati. Jeki ikisukumwa kwa vishindo huacha mikunjo midogo tumboni mwa kona. Kabla ya kona ya pili, weka pimamaji kwenye mguu uliokwisha kukunjwa na uhakikishe umekaa sawa na kitanda cha mashine. Nyuzi 2 za kosa hapa zinakuwa karibu milimita 24 kwenye ncha ya mguu wa 676, na hakuna bolti ya kuzificha.

Baada ya hapo ilaze rolibaa kwenye sakafu ya saruji iliyosawazishwa. Ikichezacheza, imejisokota. Kosa dogo hurekebishwa kwa kubana mguu mmoja kwenye jiliwa na kuuzungusha mwingine kwa mkono wa bomba refu, chuma kikiwa baridi.

Pima kona kwa kalipa, mahali palipobanwa zaidi na mahali palipopanuka zaidi, halafu gawa kidogo kwa kikubwa. FIA inataka jibu lisiwe chini ya 0.9. Ukipata 46 na 50, jibu ni 0.92 na kona inapita, ukipata 44.5 na 50.5, jibu ni 0.88. Kona hiyo ifanye miguu ya meza ya karakana.

Kufunga kwenye gari

Usichomelee miguu moja kwa moja kwenye bati jembamba la bodi. Kila mguu upate bamba la chuma, na chini ya bati liwekwe bamba jingine la kuimarisha. FIA inataka bamba lisilopungua unene wa milimita 3 na eneo la sentimita 120 za mraba, pamoja na bolti zisizopungua tatu kila mguu, za M8 (kipenyo cha milimita 8) zenye daraja la nguvu la 8.8 au kubwa zaidi, na kwa kazi hii vipimo hivyo vinafaa kabisa. Ondoa waya wa betri kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Kibaigwa:* Habari za kazi, mkuu. Nina mashine ya jeki ya tani 12 niliyoinunua kwa ajili ya bomba za maji. Nikikunja bomba la milimita 38 lenye ukuta wa 2, linabonyea kila mara. Je, tatizo ni nguvu ya jeki?

Salama, ndugu. Jeki yako ina nguvu ya kutosha. Tatizo ni kalibu. Kalibu za mashine hiyo zimechongwa kwa vipimo vya bomba la maji, kwa mfano milimita 42.4 kwa inchi moja na robo. Bomba lako la 38.1 likikaa kwenye mfereji wa 42.4 lina nafasi pande zote mbili, kwa hiyo likisukumwa hujipanua kujaza nafasi hiyo na kubonyea mgongoni. Mweleze fundi mchongaji, mathalani kwenye karakana za SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo), akuchongee kalibu ya 38.1 yenye nusu kipenyo kisichopungua 115, na roli mbili za pembeni nazo ziwe na mfereji wa 38.1. Hata hivyo ukuta wa milimita 2 ni mwembamba kwa mashine ya kusukuma. Ukiweza kupata wa 3, chukua huo.

*Kutoka Mpwapwa:* Shikamoo fundi. Sisi huku tunajaza mchanga, tunapasha moto kwa mkaa na kukunja kwa mkono. Je, njia hii imekatazwa?

Marahaba. Kwa keria ya baiskeli au geti haina ubaya, ila kwa rolibaa sishauri, kwa sababu joto la mkaa halilingani urefu wote wa kona na ukuta huvutika zaidi pale palipo pekundu zaidi. Jambo la kuangalia sana ni unyevu. Mchanga wa makorongo yetu huonekana mkavu juu hata mwezi wa nane, lakini ukichimba kidogo una maji. Maji hayo yakipashwa moto ndani ya bomba lililozibwa pande zote mbili yanakuwa mvuke, na kizibo kinaweza kuruka na kumjeruhi mtu. Kaanga mchanga kwenye karai mpaka usitoe mvuke kabisa, uchekeche, na asikae mtu mbele ya ncha za bomba. Usilipoze bomba kwa maji, kwa kuwa chuma usichokijua asili yake kinaweza kuwa kigumu na chenye kuvunjika.

*Kutoka Singida:* Je, naweza kukunja bomba liwe kiunganishi kati ya mbavu mbili za chasisi ya lori badala ya kile kilichokatika?

Hapana. Tafuta kiunganishi cha muundo uleule na ukifunge kwa bolti au ribiti kwenye matundu ya awali. Usitoboe wala usichomelee kwenye midomo ya juu na ya chini ya mbavu, kwa kuwa huko ndiko mzigo huvuta na kubana zaidi, na ufa huanzia hapo.

*Mwanafunzi wa kuchomelea, Dodoma mjini:* Mwalimu, nikitaka kuunga bomba la kuegemeza kwenye rolibaa kwa pembe ya nyuzi 90, nitakataje mdomo bila mashine?

Binti yangu, tumia karatasi. Mzingo wa bomba la 48.3 ni karibu milimita 152. Chora mstari wa urefu huo na uugawe sehemu 12 za milimita 12.6. Kuanzia mstari wa kwanza, panda juu kwa 0, kisha 3.2, 12.1, 24.2, 12.1, 3.2, halafu urudi 0 na kurudia hivyohivyo hadi mwisho. Unganisha nukta kwa mkono laini, kata, zungushia bomba karatasi hiyo na uchore. Kata kwa grinda nje kidogo ya mstari na umalizie kwa tupa. Masikio mawili yatatoka makali na membamba sana. Yapunguze kwa milimita moja au mbili, kwani chuma chembamba kiasi hicho huyeyuka kabla ya kuungana. Mwanya ukizidi milimita 2 kata upya, usiujaze kwa vijiti vya kuchomelea.