Sindano na nyuzi za kofia ndani ya kopo moja

Ukishona kofia za mkono na kazi unahama nayo, leo barazani kesho ndani ya daladala, usitupe kila kitu kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Tafuta kopo dogo la bati lenye kifuniko kinachobana. Upande wa ndani wa kifuniko gundisha sumaku bapa. Sindano zitashika hapo hata kopo likipinduka.

Kwetu pwani adui mkubwa ni kutu. Hewa ina chumvi, mikono inatoa jasho, na sindano iliyoshika kutu huacha doa kwenye kitambaa cheupe ambalo sabuni ya kawaida hailitoi. Kazi ya wiki kadhaa inaharibika, inauma sana. Kwa hiyo ifute sindano kwa kitambaa kikavu kila unapoirudisha, na weka humo kile kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Sponji usiitumie kuchomekea sindano, hushika maji.

Nyuzi zizungushe kwenye vipande vya kadibodi vyenye mikato pembeni ili ncha ibane. Andika namba ya rangi juu yake, maana hudhurungi mbili zinazofanana dukani hutofautiana vibaya juani.

Ncha za mkasi zichomeke kwenye kizibo. Kofia yenyewe ifunge peke yake kwa kitambaa safi cha pamba. Na kama kuna watoto karibu, hesabu sindano kabla ya kufunga kopo.