SOMO: Kagua simu iliyotumika kabla hujatoa hela

Wakuu, salaam. Maswali ya "simu fulani iliyotumika Kariakoo inaendaje?" hayaishi. Wanaouliza ikaguliweje ni wachache, na hapo ndipo hela za watu zinapoteketea. Mikwaruzo haiui simu. Kinachokuachia kimeo mkononi ni lock: ya iCloud, ya Google, au ya mkopo ambao mwenzako hajamaliza kulipa. Ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Nenda mchana. Beba laini yako yenye bando, chaja yako na earphone. Muuzaji anayekuambia ana haraka, basi linamwacha, mwache apande basi lake.

HATUA YA 1: IMEI
Piga *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, hiyo ndiyo IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Simu ya laini mbili huleta namba mbili. Ilinganishe na iliyopo kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu Simu, na kwenye boksi kama lipo. Baadhi ya iPhone zimechongwa IMEI kwenye trei ya laini, kwa hiyo ichomoe uangalie. Zikipishana hata tarakimu moja, kuna kitu kimebadilishwa.

Kisha itume kwa SMS kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Utajibiwa namba hiyo ni ya simu gani. Umeshika Samsung ya laki sita halafu jibu linataja kitochi? Rudisha, aga, ondoka. Kumbuka tangu 16 Juni 2016 simu zenye IMEI feki zilianza kuzimwa nchini, kwa hiyo usidhani "inashika mtandao leo" ni dhamana. Ila jibu la 15090 halikuambii mwenye simu ni nani. Simu ya wizi inaweza kuwa orijino kabisa.

HATUA YA 2: LOCK
Usikubali kupewa simu ambayo "imeshafutwa, ipo safi". Unataka ifutwe mbele yako. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mwenyewe kwanza, Gmail kwa Android, iCloud kwa iPhone, ndipo afute kila kitu kupitia Mipangilio. Siyo kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, maana njia hiyo ndiyo inayoamsha lock ya Google. Kwenye iPhone, kutoka iCloud kunadai nenosiri. Akianza kupiga simu kwa "mdogo wangu ndiye anayeijua password", umeshapata jibu lako.

Ikiwaka upya, shika wewe. Iunganishe na intaneti, washa hotspot ya simu yako ya sasa. Hapa wengi wanateleza: wanabonyeza Ruka, Ruka, Ruka mpaka simu inafunguka, wanafurahi, wanalipa. Lock ya mkopo haikai ndani ya simu peke yake. Inakaa kwenye seva ya kampuni, inaitambua simu kwa namba zake. Simu ambayo haijaonja intaneti haijui kama inadaiwa. Ukiweka bando ukiwa umeshafika nyumbani, ile programu ya mkopo inajirudisha yenyewe na kioo kinafungwa.

Kwa hiyo usiruke kitu. Weka Gmail au akaunti yako ya Apple mpaka mwisho. Ukidaiwa akaunti iliyokuwa ikitumika mwanzo, simama. Ukiona maelezo kwamba simu inasimamiwa na taasisi fulani, au kwenye iPhone ukurasa ulioandikwa Remote Management, simama pia: hiyo ni ya mkopo au ya ofisi ya watu. Ikimaliza, iache kwenye intaneti huku unaendelea na hatua zinazofuata. Dakika kumi na tano hazikuui.

HATUA YA 3: KIOO
Kwa Samsung nyingi, piga *#0*# utapata ukurasa wa majaribio: rangi nyekundu, kijani, bluu, na sehemu ya kuchora kwa kidole kioo kizima. Simu nyingine, shikilia alama ya programu yoyote usiachie, iburute taratibu kila kona ya kioo. Inapoponyoka kidoleni bila kuiachia, touch imekufa hapo.

Fungua picha nyeupe tupu, ongeza mwanga mpaka mwisho. Vioo vya OLED huonyesha vivuli vya herufi au alama zilizokaa muda mrefu mahali pamoja, hasa pale juu kwenye saa na chini kwenye vitufe. Mstari wa kijani ukishatokea, hata uwe mwembamba kama unywele, hesabu gharama ya kioo kipya kabla hujataja bei yako.

HATUA YA 4: BETRI NA CHAJI
iPhone inakuambia yenyewe afya ya betri. Chini ya asilimia 80 Apple wanaihesabu imechoka. Usishangilie asilimia 100 kwenye simu ya miaka minne. Aidha betri imebadilishwa au namba imechezewa. Kuanzia iPhone XR na XS, ukurasa wa About (Kuhusu) ndani ya Mipangilio unaonyesha kama betri imebadilishwa, usome. Kwa Android, cheza video mwanga ukiwa juu, angalia chaji inavyoshuka. Ikishuka kwa kurukaruka, 64 halafu 57, betri imekwisha. Kisha chomeka chaja yako, utikise waya kidogo uone kama inakatakata.

HATUA YA 5: MENGINEYO
Weka laini, piga simu, ongea kwa spika na bila spika, rekodi sauti uisikilize. Kamera zote, tochi, alama ya kidole. Haraka tu.

HATUA YA 6: MAANDISHI
Karatasi moja: jina lake, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), IMEI zote, bei, tarehe, sahihi, na shahidi mmoja. Kama ni duka, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Lipa kwa simu, jina litakalotokea lifanane na la kwenye kitambulisho. Akigoma kuandikisha, simu hiyo mwachie.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, nimenunua Samsung, wiki ya kwanza ilikuwa poa, sasa imejifunga inataka nilipe deni. Fundi anasema anaiflashi elfu sitini. Nimpe?
Jibu: Usimpe. Hata akiiflashi, yaani akiiwekea mfumo upya, seva bado inaijua IMEI, ikigusa intaneti itarudi palepale. Na akikuambia dawa ni kubadili IMEI, hilo ni kosa chini ya EPOCA, sheria ya Tanzania ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Mrudie aliyekuuzia ukiwa na karatasi ya mauziano. Akikataa, nenda polisi nayo.

Swali: iPhone yangu namba ya modeli inaanza na N, siyo M. Ni feki?
Jibu: Siyo feki dada. M ni iliyouzwa mpya dukani, F imekarabatiwa na Apple, N ni ile mteja aliyopewa badala ya iliyoharibika, P imechongwa maandishi kwa oda. Tumia hiyo N kushusha bei tu.

Swali: Nimeletewa iPhone 14 toka Marekani, haina tundu la laini kabisa. Imezibwa?
Jibu: Zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 14 hazina trei, zinatumia eSIM, laini iliyomo ndani ya simu isiyo na kadi ya kuchomeka. Iulize kampuni ya laini yako kama inakuhamishia. Pia fungua About, tafuta Carrier Lock. Lazima isome No SIM restrictions, vinginevyo imefungwa kwa mtandao wa kule.

Swali: Niko Mombasa, nimetuma 15090 hainijibu.
Jibu: Hiyo ni ya Tanzania. Kenya tuma IMEI kwenda 1555.

Swali: Kuna "S24 Ultra" GB 512 kwa laki mbili na nusu, mpya kwenye boksi. Muuzaji anasema ni mzigo wa Dubai.
Jibu: Simu inaweza kuandikwa GB 512 huku ndani ina 32. Kopia mafaili makubwa uijaze, halafu fungua video za mwisho kuingia. Kama hazichezi, uhifadhi ni wa kuchora. Lakini kwa bei hiyo hata usihangaike kukopi, ukituma tu 15090 utapata jibu. Na hizi feki nyingi *#0*# hazifungui kitu.

Swali: Muuzaji hataki kufuta simu mbele yangu, anasema nilipe kwanza nusu.
Jibu: Usilipe hata mia. Akibadili mawazo, anzia hatua ya 1.