Jinsi ya kuomba kupimiwa majivu ya pumba za mpunga kwa ajili ya zege, Dodoma

Bahi wanalima mpunga, pumba zipo, na saruji haishuki bei. Ndiyo maana watu wanauliza kama majivu ya pumba yanaweza kuingia kwenye zege. Yanaweza, ila mhandisi wa mradi atataka ripoti ya maabara kwanza.

Andika barua kwa maabara ya vifaa vya ujenzi, iwe ya TANROADS (Wakala wa Barabara), ya chuo kikuu au ya binafsi. Eleza pumba zimetoka wapi, zimechomwaje, na majivu yatatumika wapi: nguzo, tofali au plasta. Taja kiwango unachotaka yapimwe nacho, mfano ASTM C618, kiwango cha Marekani cha majivu yanayochanganywa kwenye zege.

Sampuli isiharakishwe. Moto ukipita nyuzi joto 700 kwa muda mrefu, silika, yaani madini ya majivu yanayoshikana na saruji, hugeuka fuwele na kupoteza nguvu yake. Moto hafifu huacha majivu meusi yenye kaboni, yanayokunywa maji mengi. Tafuta ya kijivu. Chota sehemu mbalimbali za rundo, changanya, saga laini, funga kwenye mfuko usioingiza unyevu, andika chanzo na tarehe. Usichague mazuri tu, maana tofali zako zitafyatuliwa kwa rundo zima.

Lipia kwanza uchambuzi wa kikemia. Kwa ASTM C618, silika, alumina (oksidi ya alumini) na oksidi ya chuma kwa pamoja zisipungue asilimia 70, na uzito unaopotea kwa kuchomwa usizidi asilimia 10. Yakifeli hapo, bakiza hela yako.

Yakipita, omba kipimo cha nguvu. Asilimia 20 ya saruji hubadilishwa kwa majivu, na nguvu ifikie angalau asilimia 75 ya mchanganyiko usio na majivu, siku ya 7 au ya 28. Angalia sana saruji unayopeleka! Mfuko ulioandikwa CEM II au CEM IV tayari umechanganywa na kitu kingine, mara nyingi mawe ya chokaa yaliyosagwa au pozolana (kama majivu ya volkano), kwa hiyo hutajua majivu yako yamefanya nini. Peleka CEM I, saruji isiyochanganywa hivyo. Omba pia kyubu za zege za siku 90, kwa sababu majivu haya hukomaa taratibu.

Ripoti ikitoka, hakiki muhuri, sahihi na namba ya sampuli. Ukibadilisha tanuri, omba upya. Na ukitaka kuyauza kwenye mifuko, ripoti hiyo haitoshi: peleka ombi la alama ya ubora TBS (Shirika la Viwango Tanzania).