Jinsi ya kuungama dhambi nzito ukiwa umekaa miaka bila kitubio

Mi ni katekista, ila kabla ya hapo nilikaa miaka 9 sijasogelea kiti cha kitubio, kwa hiyo haya nimeyapitia kwanza ndo nikaja kuyafundisha.

Hatua ya 1. Pima kama ni dhambi ya mauti, yaani hiyo dhambi nzito. Jambo lenyewe liwe zito (amri kumi ndo kipimo), uwe ulijua ni zito, na ulilikubali kwa hiari. Kikipungua kimoja si ya mauti, lakini usijifanye wakili wako mwenyewe, ukiwa na wasiwasi itaje tu padre atakusaidia kupambanua.

Hatua ya 2. Tafuta dhambi zako kabla hujaenda, sio ukiwa kwenye foleni. Kanuni ya 988 ya sheria za Kanisa Katoliki inataka kila dhambi nzito itajwe kwa aina na idadi, hadithi hapana. "Nimezini mara tatu na mtu mwenye ndoa" inatosha, hiyo ya ndoa unaisema kwa sababu inabadilisha uzito wa jambo, jina lake halihitajiki kabisa. Hukumbuki idadi? Sema "karibu kila wiki kwa miaka miwili". Ukiandika kwenye karatasi ichane baadaye jamani, msiache mfukoni.

Hatua ya 3. Majuto. Wengi wanasubiri machozi, mi nawaambia hata ukijuta kwa kuogopa moto tu, ndani ya kitubio inatosha, mradi umekusudia kweli kuacha. Kukusudia sio kuwa na uhakika kwamba hutaanguka tena. Ila kama umeiba na unacho, unarudisha.

Hatua ya 4. Ukifika fanya ishara ya msalaba, sema "Unibariki Padre kwani nimekosa, nina miaka kadhaa sijaungama", afu ANZA NA ILE INAYOKUKABA KOO. Hapa ndo penyewe. Mi nilianza na vidogo vidogo, hasira, uvivu wa kusali, nikijipa moyo kwamba ile kubwa nitaichomeka katikati, nikafika mwisho sijaitaja nikatoka nimeinamisha kichwa kama mwizi. Ukificha dhambi ya mauti makusudi hakuna iliyoondolewa, hata zile ulizozitaja, na juu yake umeongeza kosa la kukufuru sakramenti, so ilibidi nirudi niungame yote upya pamoja na huko kuficha. Kusahau kwa bahati mbaya ni kitu kingine, imeondolewa pamoja na zingine, utaitaja tu kitubio kijacho.

Unaogopa atasimulia? Hawezi, hata mahakamani, muhuri wa kitubio, yaani siri ya maungamo, haufunguliwi na padre akiuvunja waziwazi anajitenga na Kanisa papo hapo. Na dada zangu mnaobeba suala la kutoa mimba mkidhani lazima liende kwa askofu, mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kuliondolea.

Hatua ya 5. Sali "Mungu wangu nimetubu sana", sikiliza maneno ya maondoleo mpaka mwisho usikimbie, ndo unaweza kupokea komunyo. Malipizi, yaani sala au tendo analokupa padre, fanya siku hiyohiyo. Padre akisahau kukupa muulize, mi ishanitokea, akacheka akaniambia Salamu Maria tatu.