Kiwango cha dola kwenye mipangilio ya Ruby

Wandugu wa Goma mnaoandika programu za wavuti kwa Ruby, angalieni sana kiwango cha dola. Dukani bei iko kwa dola na mteja analipa franka, kwa hiyo kiwango tunakiweka kwenye mipangilio ili kibadilike bila kugusa msimbo. Ni vizuri. Lakini kila kinachotoka kwenye ENV (mipangilio ambayo programu inapewa kutoka nje ya msimbo) ni maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu: "2800" * 3 inatoa "280028002800". Na kwa kuwa tumezoea kutenga elfu kwa nafasi, "2 800".to_i (ya kugeuza maandishi kuwa namba) inaishia kwenye nafasi na kutoa 2, bila hitilafu yoyote kuonekana! Mteja wa dola kumi anaambiwa alipe franka 20.

Andikeni hivi, ndani ya config/initializers, folda ambayo Rails (kiunzi cha wavuti cha Ruby) huisoma programu inapowaka:

KIWANGO = Integer(ENV.fetch("KIWANGO_DOLA"))

Kikikosekana au kikiandikwa vibaya, programu inakataa kuwaka. Afadhali ikatae asubuhi kuliko kuuza kwa hasara mchana kutwa.

"false" inayotoka kwenye ENV nayo ni maandishi, na Ruby huyahesabu kuwa kweli. Ilinganisheni na "true". Siri, kama nywila, zikae kwenye credentials za Rails, faili lililofichwa kwa ufunguo (zipo tangu toleo 5.2), na config/master.key, ambayo ndiyo ufunguo wenyewe, isiingie Git, yaani hifadhi ya msimbo, kamwe.