Jinsi ya kupiga video kwa simu kwa ujanja wa James Wong Howe

Kabla hujanunua ring laiti, ile taa ya duara, fungua video yako ya mwisho uvute karibu machoni mwa mtu, kama taa ilikuwa mbele yake utaona kiduara cheupe kimekaa katikati ya mboni. Jicho linarudisha chochote kilicho mbele yake, na hilo Howe, mpiga picha wa filamu za Hollywood, alilijua enzi za filamu bubu.

Kwa asiyemjua, jamaa alizaliwa China 1899, akapelekwa Marekani bado mtoto, Hollywood akaanzia kufagia chumba cha kamera na kushika kile kibao cha kuhesabia shoti. Mikanda ya kamera ya wakati ule ilikuwa haioni wekundu, halafu bluu inaigeuza karibu nyeupe, sasa kulikuwa na nyota mmoja anaitwa Mary Miles Minter, macho yake ya bluu, kwenye skrini anaonekana kama hana mboni kabisa. Howe akachukua fremu akaivisha velveti nyeusi, akatoboa tundu la lensi, akapigia hapo. Weusi ule ukaingia machoni, macho yakakolea. Watu wakaanza kuvumisha eti dada kaleta Mchina wake anayejificha nyuma ya velveti!

Basi we fanya hivi. Chukua kitambaa cheusi kisichong'aa, ukubwa wa khanga hivi, toboa tundu la lensi ya simu, kining'inize mbele ya unayempiga. Taa zote za mbele ziondoe. Mkalishe ubavuni mwa dirisha, mwanga uje upande mmoja wa uso, upande wa pili uache kivuli, usikimbilie kukijaza. Hapo jichoni kutabaki dirisha tu, na dirisha linaeleweka, kila mtu anajua ni nini.

Usiku ni hivyo hivyo. Howe walimpachika jina Low-Key kwa kupenda giza, na alitaka mwanga uonekane unatoka kwenye kitu kilichomo ndani ya chumba, kama ni taa ya mezani basi uje toka mezani. Kwa hiyo zima balbu ya darini, washa taa moja ya pembeni, gusa uso kwenye skrini ya simu, ushikilie mpaka mwangaza ujifunge, halafu uushushe kidogo. Usipoufunga simu itang'arisha giza lote na utapata chenga tupu. Ngozi nyeusi inapendeza sana hapa kwa sababu mng'ao wa shavuni na kwenye paji la uso ndio unaochora sura, ila usimpake poda nyingi, utauua.

Kwenye mwendo ndo namkubali zaidi. Body and Soul, ya 1947, ni filamu ya ngumi, na yeye mwenyewe ujanani alishapigana ngumi, akaingia ulingoni kavaa viatu vya magurudumu, kamera mkononi, anasukumwa na msaidizi. Oscar mbili alikuja kuzipata baadaye, ila mi hiyo ndo naipa namba moja.

Huna viatu hivyo, kaa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, viwiko vibane mbavuni, simu ishike kwa mikono miwili, usivute zumu hata kidogo, msogelee mtu. Sakafu iwe ya vigae au saruji laini, na anayekusukuma avue viatu na akae kimya, maana maiki ya simu inanasa kila kitu.