Jina Lije Mwisho: Baiolojia kwa Viazi, Maharage na Kamba

Msichana mmoja wa S2, yaani sekondari mwaka wa pili, aliniandikia maana ya osmosi (maji kupenya utando wa seli kwenda penye chumvi au sukari nyingi zaidi) kwenye mtihani bila kukosea hata herufi. Wiki iyo hiyo nikamkuta jiko la shule akisaidia kukata biringanya. Alikuwa amezitia chumvi, zinachuruzika maji. Nikamuuliza maji yale yametoka wapi. Akanijibu, "Mwalimu, biringanya zinalia." Maneno yote alikuwa nayo, ila kitu chenyewe kilikuwa mbele yake na hakukitambua. Kosa lilikuwa langu, maana nilimpa jina kabla hajaona kitu.

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtoto huongea Kilugbara nyumbani, Kiswahili sokoni, na mtihani humjia kwa Kiingereza. Neno la sayansi analikariri kama wimbo wa lugha asiyoijua. Tangu siku ile ya biringanya nimejiwekea sharti: neno gumu siliandiki ubaoni mpaka darasa limeona jambo lenyewe, limebishana, na limelieleza kwa maneno yake. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unatutaka tufundishe kwa vitendo. Mimi nina wanafunzi 90 na hadubini mbili, kwa hiyo vitendo vyangu vingi hutoka sokoni.

Anza na kiazi mviringo. Kata vipande vitatu vya sentimita tano kila kimoja, vinene sawasawa, bila ganda. Kimoja kiingie kwenye maji matupu, cha pili kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chumvi, cha tatu kwenye maji yenye vijiko vinne. Kabla ya kuvitumbukiza, kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi kipi kitarefuka, kipi kitafupika, na kwa nini. Usiruke hatua hii hata muda ukikubana. Mtoto aliyebashiri ana kesi yake mezani, na atakaa macho kungoja hukumu. Vipindi viwili vikiisha, wapime tena na wavikunje kwa vidole. Cha maji matupu hukakamaa, cha chumvi nyingi hulegea kama mpira. Waache waseme "chumvi imevuta maji" na wagombane maji yamepitia wapi. Hapo ndipo unaandika: osmosi.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la dawa za antibiotiki, kwa sababu watoto hawa ndio wanaotumwa dukani kununua vidonge viwili viwili. Nunua nusu kilo ya maharage ya rangi tatu: meupe, ya njano na mekundu. Gawa darasa makundi ya watu sita. Kila kundi lipate kikombe chenye meupe 12, ya njano 6 na mekundu 2, pamoja na dadu moja ya ludo. Kikombe ni mwili wa mgonjwa na maharage ni bakteria. Meupe hufa upesi, ya njano ni sugu kidogo, mekundu ni sugu zaidi.

Kila zamu ni siku moja. Asubuhi kundi linarusha dadu. Ikija 3, 4, 5 au 6, mgonjwa amekunywa dawa: ondoeni maharage sita, mkianza na meupe, yakiisha ya njano, kisha mekundu. Ikija 1 au 2, amesahau au hana pesa, na hakuna kinachoondolewa. Jioni bakteria huzaana: kila rangi iliyobaki kikombeni inaongezewa moja.

Cheza mwenyewe nyumbani kwanza. Ukimeza dawa siku tano mfululizo, kikombe kinakuwa kitupu siku ya tano. Kisha lichukue kundi moja, liambie mgonjwa wao amepata nafuu na ameacha dawa jioni ya siku ya tatu. Wamwage kikombe mezani. Watakuta maharage kumi: matano ya njano, matano mekundu, jeupe hata moja hakuna. Walianza na mekundu mawili tu kati ya ishirini.

Darasa hunyamaza hapo. Uliza: "Nani amezoea dawa, mwili au bakteria?" Wengi watasema mwili, kwa kuwa ndivyo wanavyosikia nyumbani. Warudishe kikombeni. Mwili haujabadilika. Mekundu yalikuwemo tangu mwanzo, dawa imeyaondolea wenzao tu. Sasa unaweza kuandika "usugu wa dawa", na uwaambie wazi kwamba dozi na siku zake hupangwa na mhudumu wa afya, na kwamba antibiotiki haiui virusi vya mafua.

Kuvu wa mkate ni rahisi, nitapita haraka. Vipande vitatu vya mkate: kimoja kipakazwe na mikono michafu, kimoja na mikono iliyooshwa kwa sabuni, kimoja kisiguswe. Kila kimoja kiingie kwenye kavera (mfuko wa plastiki) yake na matone machache ya maji, ifungwe, iandikwe, iwekwe kabatini wiki moja. Matokeo hayatii amri kila mara, kwa kuwa mbegu za kuvu huelea hewani. Mwaka jana kipande cha mikono safi ndicho kilichoota kwanza, na tulijadili hilo kipindi kizima. Lakini kavera isifunguliwe tena kabisa, hasa mkiwa na mwenye pumu. Itupwe shimoni ikiwa imefungwa. Na usikubali watoto waoteshe vijidudu vya mate au vya choo. Hatuna vifaa vya kuviua baadaye.

Kwa magonjwa ya mbu, wasimamishe duara uwanjani. Wengine ni ndege, wengine mbu, wachache watu na farasi. Mpe ndege mmoja ncha ya kamba; kamba ndiyo kirusi. Kamba iende kwa mbu, kutoka kwa mbu kwa ndege mwingine, tena kwa mbu, na kuendelea. Ikimfikia mtu au farasi, hukwama hapo, kwa kuwa kirusi hiki hakiwi kingi vya kutosha katika damu yao hata kimwambukize mbu mwingine. Waulize wangemkinga nani kwanza. Wakishachoka kubishana, waambie kirusi hicho kilipatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa, papa hapa kwetu, na ndipo unawapa jina lake: West Nile, jina la eneo letu hili. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mvulana mmoja aliyeshika kamba aliiachia. "Kwetu, mwalimu?" Kipindi kilichofuata walinifuata ofisini kabla ya kengele.

Kamba ya mita 30 inatosha. Chukua ya katani, maana ya nailoni hujifunga mafundo.